Maua ya Mjomba Amisi

Katika arubaini ya mjomba Amisi, watu wazima wenye kanzu safi walikaa kwenye majamvi wakasema uongo huku wakila pilau. Walisema alikuwa mtu wa kuona mbali. Walisema kama si vita, Palma nzima ingejengwa kwa akili yake. Mmoja wao, aliyekuwa akimkwepa njiani alipokuwa hai, alifuta mdomo akasema, "Amisi alikuwa na bustani, jamani. Yale maua yake mliyaona?" Wakaitikia kwamba waliyaona. Kijana mmoja aliyetoka kule mwezi uliopita akatoa simu, ikapita mkono kwa mkono mpaka ikatufikia sisi wanawake upande wa jikoni. Picha ilionyesha kichuguu kikubwa cha majani chenye maua ya zambarau. Nilitafuta mlango nisiuone, nikatafuta dirisha nisilione. Palipokuwa na nyumba ya vyumba vinne pamebaki majani. "Mashallah," alisema mwanamke aliyekaa kando yangu, "mwenyewe kafa, maua yake yapo." Nilimpa simu aipeleke mbele. Maua yale niliyaotesha mimi, na kama ningekuwa na ulimi wa watu wengine ningemwambia kwamba upele nao hubaki.

Sitaeleza nani alimzaa nani. Inatosha kujua kwamba mjomba Amisi alikuwa kaka yake mama, kwamba kiwanja chake na chetu pale Palma vilitenganishwa na ugo mmoja wa makuti, na kwamba mwaka nilioyaotesha maua yale nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la saba, sina pa kwenda. Nilikuwa mtu wa haya. Mgeni akibisha hodi nilikimbilia nyuma ya nyumba. Nikiulizwa jambo, jibu lilinijia mwulizaji akiwa ameshafika kwake. Hata kuandika naandika hivyo hivyo, na ukurasa huu mmoja umenichukua siku tatu. Lakini kuotesha nilijua. Mama alikuwa na mtambuu uliopanda kwenye mkorosho mzee karibu na bafu letu, mtambuu aliopewa na mama yake, na kazi ya kuutunza alikuwa amenipa mimi, si dada yangu Mwaziza. Kila siku nilibeba maji ya kuoshea samaki na maji ya mchele nikaumwagia chini, nikatia jivu kidogo pembeni. Majani nilichuma kwa ukucha wa kidole gumba. Chuma hakikaribii mtambuu. Mama alisema ukiukata kwa kisu unanuna, na ukinuna haubembelezeki.

Mwaka huo mtambuu ulikuwa na kazi kubwa. Mwaziza alikuwa amechumbiwa na Sumaili, mtoto wa Bi Mwanahawa wa Quionga, na desturi ya kwetu ni kwamba siku wanawake wa upande wa mume wanapokuja kuchukua jibu, nyumba ya binti huwatolea sini, yaani sinia, ya tambuu. Majani yawe ya nyumbani. Ya kununua sokoni hayakubaliki, kwa sababu nyumba iliyoshindwa kutunza mmea mmoja itaozaje binti? Mwaziza alikaa ndani, uso umepakwa msiro, unga mweupe wa urembo, akiniita dirishani kila siku. "We Atija, umeumwagia maji?" Nikimjibu nimeumwagia, anacheka: "Nikikosa mume kwa ajili yako nitakuja kulala kwenye mkeka wako mpaka tuzeeke wote wawili."

Ndio mwaka gesi ilipoanza kuzungumzwa pale mjini kama mjomba tajiri aliye njiani. Hakuna aliyeiona. Usiku palikuwa na taa za meli mbali nje ya ghuba ya Tungue, basi. Lakini watu walianza kutembea tofauti. Waliokuwa wakiuza ndizi walianza kuuza viwanja visivyo vyao. Vijana ambao hawakumaliza darasa la tano walinunua kofia ngumu za plastiki wakakaa nazo barazani, wakingoja kuajiriwa. Na mjomba Amisi, aliyekwenda mji wa Pemba, huko huko Msumbiji, miezi miwili, alirudi na viatu vya ngozi, maneno thelathini ya Kireno na mpango. Alijenga nyumba ya saruji ya vyumba vinne ya kupangisha maengenheiro, wahandisi wa gesi, kwa kuwa hao ndio waliokuwa wakija kupima. Nilipelekwa kuifagia kabla rangi haijakauka. Kila chumba kilikuwa na kitanda, picha ya mlima wenye theluji, na feni isiyozunguka kwa sababu umeme ulikuwa haujafika upande ule. Chooni aliweka bakuli la kukalia, jeupe, halina tangi wala bomba. Alinionyesha kwa fahari akanyanyua kifuniko na kukishusha. "Ureno," alisema. Nilidhani ndilo jina la choo.

Siku moja nilikuwa upande wetu napara samaki, nikamsikia upande wa pili wa ugo akiongea na fundi wake. Makuti hayazuii maneno. "Nyumba imependeza," alisema fundi, "ila hapa mgeni akifungua dirisha anaona jiko la dada yako." Mjomba akasema, "Ndilo linaloninyima usingizi. Moshi, masufuria, matambara yao kwenye kamba. Nitaweka kitu kitakachopanda juu ya ugo upesi, kifunike ule uchafu. Wazungu wanapenda kijani." Nilikaa na samaki mkononi. Uchafu ulikuwa sisi. Jiko lile ndilo lililomlisha tangu mkewe alipomkimbia, na masufuria yale alikuwa akiyakomba. Nilisikia vizuri, na naandika hapa kwamba nilisikia vizuri, maana wiki hiyo hiyo alikuja na vipande vitano vya mmea ndani ya gunia bichi, akaniita kwa sauti ya asali, nami nikaenda.

Vipande alivikata kwenye ukuta wa hoteli mjini Pemba. Jina hakuuliza. Unakula nini, unakua vipi, unaishia wapi, hakuuliza. Aliona umefunika ukuta, ikamtosha. Alivichomeka kando ya ugo upande wake, vikasinyaa. "Atija, mwanangu," alisema, "watu wote wanasema mkono wako una baraka. Wewe ni engenheira wa mimea." Hakuna mtu aliyewahi kuniita kitu chochote zaidi ya bubu. Nikasimama pale natazama vidole vya miguu, nimejaa furaha ya kijinga hadi masikioni. Kesho yake maji ya samaki niliyagawa: nusu kwa mtambuu wa mama, nusu kwa vijiti vya mjomba. Wiki iliyofuata nilivipelekea vijiti yote.

Mvua za masika zikanisaidia. Mmea ulishika, ukatoa vikonyo vyembamba vilivyotafuta cha kushika, ukapanda ugo kwa siku kumi. Asubuhi nilikuta umetembea shibiri mbili tangu jana. Ulikuwa na majani ya umbo la moyo, mapana, na maua ya zambarau yaliyofunguka alfajiri na kunywea adhuhuri. Ulifunika ugo, ukafunika kamba ya nguo, ukaingia kwenye dirisha la chumba cha tatu. Mjomba alisimama barazani mikono kiunoni, akimweleza kila mpita njia. Wanawake waliokwenda kisimani wakaupa jina: mgesi. "Umekuja na gesi," walisema, "na kama gesi, haujulikani unakwenda wapi." Mmoja akaniuliza, "Bubu, na matunda yake ni nini?" Akajijibu: "Matunda yake ni kuambiwa uhame." Wakaangua kicheko. Nilikuwa nikiwadharau kwa kucheka kitu kizuri. Siku hizi nawadharau kwa jambo jingine: walicheka, kisha jioni wakatuma watoto kuomba vipande wakapande kwao.

Mgeni alikuja mmoja. Alikuwa engenheiro mrefu mwenye magoti mekundu, akakaa siku mbili. Siku ya kwanza alikaa barazani chini ya maua akapiga chafya mpaka chai ikamwagika. Siku ya pili nyoka wa kijani, mwembamba, asiye na ubaya wowote, alishuka kutoka kwenye majani ya dirisha akamtazama akiwa amekaa kwenye lile bakuli jeupe. Tulisikia ukelele kwetu. Mama alikuwa anakuna nazi. Aliinua kichwa akasema, "Ureno huyo," akaendelea kukuna. Ndiyo mara pekee mwaka ule niliyomwona mama akimcheka kaka yake. Engenheiro aliondoka kabla ya chakula cha mchana, na mjomba akasema kwamba kampuni imemwita.

Kumbe wakati tunacheka, mgesi ulikuwa umeshavuka. Nilipokwenda kuchuma tambuu niliona kikonyo kimoja kimezunguka shina la mkorosho. Nikakizungusha kinyume, nikakitoa. Kesho vilikuwa vinne. Mama alikuja akatazama, akaweka mkono kifuani. Zilibaki wiki tatu Bi Mwanahawa aje. "Hakuna panga hapa," alisema. "Kwa mikono." Tukawa tunatoa kwa mikono, mama na mimi, jani kwa jani, na kila tulipotoa upande huu ulirudi upande ule. Mtambuu hukua kama mtu mwenye adabu, huomba njia. Mgesi haukuomba. Mama alikwenda kumwambia mjomba aung'oe. Nilimsikia akijibu kupitia ugo: "Dada, wiki ijayo wanakuja watu wa kampuni kutazama nyumba. Mtambuu una nini? Ni majani. Hata haya ni majani." Mama hakupandisha sauti. Alirudi akakaa kwenye kibao, akachuma tambuu moja iliyokuwa imeanza kupata manjano, akaigeuzageuza, hakuila. Hakujua kwamba manjano yale yalikuwa ya njaa. Miezi miwili mtambuu wake ulikuwa haujanywa maji ya samaki.

Niliyoyafanya baadaye niliyafanya kwa woga. Niliogopa kusema mama, nimekuibia maji. Niliogopa kumwambia mjomba ng'oa. Basi siku moja, mama akiwa msibani na Mwaziza amelala, nilichukua panga la kukatia kuni nikaenda kwenye mkorosho. Nilisema nitakata shina la mgesi pale lilipovuka ugo, mara moja, kisha majani yake yatakauka yenyewe na mtambuu utapumua. Mashina yalikuwa yamesukana, yote yana rangi ya udongo. Nikapiga. Utomvu uliotoka ulikuwa na harufu kali ya viungo niliyoijua tangu utotoni, harufu ya mdomo wa bibi akitafuna tambuu. Nilifunika palipokatwa kwa majani ya mgesi, nikarudisha panga, nikanawa mikono mara tatu. Siku ya pili mtambuu ulilegea, siku ya nne ukawa kama matambara. "Umenyongwa," alisema mama. Mtaa mzima ukasema mgesi umeunyonga. Mimi sikusema kitu, na watu walilizoea hilo kwangu.

Juu kabisa, kwenye tawi la mkorosho ambalo mtambuu ulikuwa umeshika kwa mizizi yake midogo, vilibaki vikonyo viwili vibichi. Mama alinipandisha nikavishusha: majani kama ishirini mazuri. Sini inataka mia na zaidi. Mama aliingia chumbani akalala akiwa ameelekea ukutani. Mjomba ndipo alipokuja na ukarimu wake. Alisema wageni wapokewe nyumbani kwake, kwenye saruji, aibu ya mkorosho isionekane, na sini ataipanga yeye. Aliniita chumba cha tatu, chini ya mlima wa theluji. Alikuwa na kapu la majani ya mgesi, yameoshwa, yanang'aa. "Tazama umbo," alisema. "Yanafanana au hayafanani? Chini haya, juu yale ya mama yako. Wao watachukua ya juu, watatafuna mawili matatu kwa heshima, watafurahi. Wewe na mimi, engenheira." Nikapanga. Naikumbuka mikono yangu ikipanga kwa ustadi, ncha zikitazama upande mmoja, na vikonyo viwili vya mama nikavizungusha juu pamoja na popoo na kijaluba cha chokaa, ipendeze.

Bi Mwanahawa alikuja na wanawake sita. Alikuwa mfupi, mzito, mwenye meno mekundu ya tambuu, na alitembea sebuleni kwa mjomba akitazama feni isiyozunguka bila kuuliza. Tulikula pilau, samaki wa nazi na mkate wa kumimina. Mwaziza alikuwa nyuma ya pazia, nilisikia bangili zake. Sini ikaletwa, kitambaa kikafunuliwa, wanawake wakapiga vigelegele. Bi Mwanahawa hakuchukua jani la juu. Aliingiza mkono chini kabisa, kama mtu anayenunua mchele, akatoa moja, akapaka chokaa, akatia popoo, akakunja, akaweka shavuni. Alitafuna mara mbili. Kisha akalitoa kwa adabu nyuma ya leso.

"Amisi," alisema, "una mbuzi?"

"Ninao, Bi Mwanahawa. Watatu."

"Jani hili wanakula?"

Mjomba alitabasamu kwa meno yote. "Hawalipendi sana."

"Basi mbuzi wako wana akili kushinda wewe."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alianza kusema habari za kampuni, barabara, na majani ya kisasa. Bi Mwanahawa alimwacha aongee na ukuta. Aliinuka, akavichukua vile vikonyo viwili vya juu, akavifunga kwenye pindo la leso yake, nami nikafikiri anabeba ushahidi wa kuwaonyesha Quionga nzima. Mlangoni alinikuta nimejibanza kwenye maua. Alinishika kidevu kwa kidole chenye chokaa. "Wewe ndiye mtunzaji? Mwambie mama yako aje Quionga kabla mwezi haujaisha. Aje mwenyewe. Umesikia?" Nikaitikia kwa kichwa.

Sikumwambia. Nilijua anaitiwa matusi mbele ya wanawake wa Quionga, na mama alikuwa bado ameelekea ukutani. Nilijiambia ninamhurumia. Mwezi uliisha. Mwezi wa pili uliisha, tukasikia Sumaili ameposa kwingine. Mwaziza alinawa msiro usoni kwa maji baridi, akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu, akaenda kufua mashuka ya mjomba yasiyolaliwa na mtu. Baada ya miaka mitatu aliolewa na muuza vitambaa, mtu mwema ambaye sijawahi kusikia sauti ya kicheko chake. Baadaye yakaja yale yaliyotutoa Palma wote, tukavuka Ruvuma na mabegi. Mama alizikwa huku ugenini. Mpaka siku anakufa aliamini kwamba Bi Mwanahawa alimbeza akakaa kimya.

Siku ya arubaini, walipomaliza kumsifu marehemu, bibi mmoja aliyekaa kwenye kona ya jiko akaniita kwa kidole. Meno hakuwa nayo, lakini ufizi ulikuwa mwekundu. Nilimjua kwa kile kidole. "Shikamoo Bi Mwanahawa," nilisema, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwamkia. Aliniambia wamekaa mtaa wa pili, na mjukuu wake, tangu mwaka juzi. Kisha akafungua pindo la leso akatoa kikonyo cha mtambuu chenye vifundo vitatu, kimefungwa kwenye kitambaa kibichi.

"Wa mama yako huu," alisema. "Ulishika Quionga, ukapanda mpaka juu ya paa. Nimeubeba tukikimbia, umeshika na huku. Nilimngoja mama yako. Mtambuu hautumwi, hufuatwa na mwenyewe. Angekuja angeuchukua, tungepanga harusi ya mwaka wa pili, watu wangesahau. Sumaili alikuwa tayari kungoja. Mimi nilisema, pengine wametuona sisi wa Quionga ni washamba, sasa wana saruji." Akanitazama. "Ulimwambia?"

Nikasema, "Sikumwambia."

Alitikisa kichwa taratibu. Alinitazama kama alivyolitazama lile jani la chini ya sini, akaniwekea kikonyo mkononi, akageuka kuomba chai.

Upande wa wanaume walikuwa bado wanamsifu mjomba. Kwa miaka yote hii nimemdharau mtu yule, na sijapunguza hata chembe: alifunika jiko lililomlisha, akawalisha wakwe majani yanayokataliwa na mbuzi. Lakini yeye alikuwa mjinga mwenye sauti. Kila mtu aliweza kumsikia na kujihadhari. Mimi nilikuwa mjinga wa kimya, na wa aina hiyo hakuna anayemwona mpaka afike juu ya paa.

Nikatoka uani. Mwaziza alikuwa amechutama anaosha samaki wa jioni, beseni limejaa maji mekundu, mikono yake ya miaka arobaini kasoro imekunjika. Nilisimama mbele yake. Nikamwambia yote ya Bi Mwanahawa, toka kidole kwenye kidevu hadi Sumaili aliyekuwa tayari kungoja; la panga sikuligusa. Nilisema taratibu, na yeye aliendelea kuosha. Nilipomaliza alitoa samaki wa mwisho, akakung'uta mikono, akakitazama kikonyo bila kukigusa. Ndani mtu alikuwa anasema tena habari za maua.

Mwaziza akalisukuma beseni la maji kwa mguu mpaka likagusa mguu wangu.

"Kaupande," alisema. "Na safari hii panga liache jikoni."